Barua ya Kukataliwa Ina Jina Lako Pia



Kila ukifika Mfunguo Mosi simu zetu hujaa maswali ya harusi. Nani anapaka hina nzuri, singo ianze siku ngapi kabla, nguo ya kutolewa ishonwe wapi. Tunayapenda maswali hayo na tutaendelea kuyajibu. Mwaka huu, katikati ya maswali ya hina, tulipokea ujumbe wa sauti wa dakika nne kutoka kwa dada aliyeolewa hapa Unguja na sasa anaishi Kanada. Alikuwa anazungumza kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka wa chumba cha pili amsikie. Ametupa ruhusa tulieleze jambo lake. Tumeondoa kila kitu kinachoweza kumtambulisha.

Yeye na mumewe waliomba hifadhi ya ukimbizi huko. Sababu za ombi lao ni zao, hatuzielezi hapa. Walihojiwa, wakarudi nyumbani kusubiri. Kila akimuuliza mumewe, jibu lilikuwa moja: "Bado wanaangalia, usijitie wasiwasi." Siku moja akatafuta kadi ya chanjo ya mtoto, akafungua sanduku la mumewe, na chini ya nguo akakuta bahasha. Ilikuwa imefunguliwa na kukunjwa tena vizuri. Ombi lao lilikuwa limekataliwa. Jina lake limeandikwa pale chini ya jina la mumewe, na la mtoto chini yake. Alipohesabu tangu barua ilipofika, siku ya kuiona ilikuwa ya 31. Muda wa kukata rufaa ulikuwa siku 15.

Alituuliza mambo mawili. Kwanza, je, ndiyo basi tena? Pili, kama bado ipo njia, na njia yenyewe inamtaka aeleze kwa nini amechelewa, je, si atakuwa anamfedhehesha mumewe na kuitoa nje siri ya ndoa?

Tumeona tujibu hadharani, maana tunajua hayuko peke yake. Mabinti zetu wengi wanaolewa na kuvuka bahari, na baadhi yao wanaingia katika maombi ya namna hii bila ya hata kuonyeshwa karatasi.

Jibu la kwanza: mlango haujafungwa, lakini usikae

Huko Kanada maombi ya hifadhi husikilizwa na Bodi ya Uhamiaji na Wakimbizi. Ombi likikataliwa na kitengo cha kwanza, wengi wana haki ya kwenda Kitengo cha Rufaa za Wakimbizi, kilichoanza kazi Disemba 2012. Kukata rufaa hapo hakuna ada. Ila muda ni mfupi na una hesabu mbili. Taarifa ya kukata rufaa inatakiwa ndani ya siku 15 tangu kupokea maamuzi yenye sababu kwa maandishi. Jalada lenyewe la rufaa, lenye hoja na ushahidi, linatakiwa ndani ya siku 45. Hesabu zote mbili zinaanza siku moja, ile ya kupokea. Si kwamba ukimaliza 15 ndipo uanze 45. Wengi wamejichanganya hapo. Na siku hizo ni za kalenda, kwa hiyo Jumamosi, Jumapili na Idi zote zinahesabiwa.

Siku hizo zikipita bila ya rufaa, amri ya kuondoka nchini ambayo ilikuwa imesimama huanza kufanya kazi. Ndiyo maana tunasema usikae.

Lakini sheria yao yenyewe imeacha nafasi. Kanuni zinaruhusu kuongezewa muda pale ambapo haki inadai hivyo. Ombi la kuongezewa muda hupelekwa pamoja na taarifa ya rufaa, na pamoja na kiapo cha maandishi kinachoeleza kilichotokea. Anayeamua huangalia mambo manne: umeomba upesi kiasi gani na una sababu gani ya kuchelewa, rufaa yako ina hoja ya kusikilizwa au haina, upande wa serikali utaumia vipi ukipewa muda, na kesi yenyewe ni ya aina gani, ina ugumu kiasi gani.

Tazameni jambo la kwanza katika hayo manne. Hawaulizi tu kwa nini ulichelewa tangu siku ya 15 mpaka siku uliyoiona barua. Wanauliza pia ulifanya nini baada ya kuiona. Dada aliyeiona barua siku ya 31 na siku ya 32 akawa mlangoni kwa wakili ana maneno ya kusema. Dada aliyeiona siku ya 31, akalia wiki mbili, akampigia shangazi, shangazi akasema ngoja tusali kwanza, atapata tabu kuieleza siku ya 45. Tusali, ndiyo, lakini tusali na viatu vikiwa miguuni.

Na kila siku iliyopita itafutiwe ushahidi wake. Bahasha yenyewe isitupwe. Kama ulikuwa hospitali, tafuta karatasi za hospitali. Kama ulihama na barua ikaenda nyumba ya zamani, tafuta mkataba wa nyumba, na ujue kwamba kuiarifu Bodi anwani mpya ni wajibu wako. Kama kuna ujumbe wa simu ambamo ulimuuliza mumeo na akakujibu kwamba bado wanaangalia, usiufute. Ujumbe huo unaonyesha kwamba ulikuwa unafuatilia, hukulala.

Si kila aliyekataliwa ana njia hii. Wapo ambao barua yao inasema ombi halina msingi wowote wa kuaminika, na wapo walioingia kupitia mpaka wa Marekani kwa mazingira fulani. Hao hawana rufaa katika kitengo hicho, huenda moja kwa moja kuomba ruhusa ya Mahkama ya Shirikisho, na huko nako muda ni siku 15. Nchi nyingine zina hesabu zao. Uingereza, ambako ndugu zetu wengi wapo, aliye ndani ya nchi anahesabiwa siku 14. Kwa hiyo usichukue siku za shoga yako ukazifanya zako. Isome barua yako, na kama lugha inakushinda, msomee mtu unayemwamini kwa simu siku hiyo hiyo.

Jibu la pili: kusema ukweli mbele ya mwenye kuamua si kumwaga siri

Hapa ndipo tunapotaka kukaa zaidi, maana hapa ndipo siku zinapoibiwa.

Sisi tumelelewa kwamba mambo ya ndani hayatoki nje. Kungwi alitwambia, mama alitwambia, na sisi tunawaambia wadogo zetu. Ni malezi mema na tunayaheshimu. Mke anayetangaza kila ugomvi kwenye mitandao anaibomoa nyumba yake kwa mikono yake. Lakini tumeyachukua malezi hayo tukayapeleka mahali yasipotakiwa, tukafika pa kudhani kwamba mwanamke akiwa mbele ya anayeamua maisha yake na ya mwanawe, nako pia anyamaze.

Dini yetu haikusema hivyo. Mkumbukeni Khawla bint Tha'laba, Mwenyezi Mungu amridhie. Mumewe alimtamkia neno la dhihari, akamuacha kati, si mke wala si mtalaka. Hakujifungia ndani akasema haya ni mambo ya nyumbani. Alikwenda kwa Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, akaeleza. Jibu la mwanzo halikumpa faraja. Hakuondoka. Alirudia, akaeleza umri wake, watoto wake, hali yake, mpaka wahyi ukashuka na Sura Al-Mujadila ikaanza na khabari yake. Alikuwa mwanamke aliyepewa jibu zito akaomba asikilizwe tena, na Mola akatujulisha kwamba amemsikia.

Na mkumbukeni Hind bint Utba, mke wa Abu Sufyan. Alikwenda kwa Mtume akasema mumewe ni mtu mbakhili, hampi kinachomtosha yeye na watoto. Hakuambiwa nyamaza, unamsengenya mumeo. Aliambiwa achukue kinachomtosha yeye na wanawe kwa wema. Wanazuoni wametumia kisa hiki na mfano wake kueleza kwamba anayemshitakia mwenye uwezo wa kumtatulia hayumo katika kusengenya, maadamu anasema kweli na anasema kiasi cha haja.

Basi kiapo cha dada yetu kinaweza kuwa na sentensi chache tu. Barua ilifika tarehe fulani. Mume wangu aliipokea. Hakunionyesha. Nilimuuliza siku hizi na hizi, akanijibu hivi. Niliiona tarehe fulani. Kesho yake nilikwenda kwa wakili. Hapo hakuna tusi. Hakuna haja ya kueleza mengine yasiyohusu. Mume kama ana hofu ya Mungu, na tunaamini anayo, atakaa naye waandike na yeye kiapo chake: niliificha kwa aibu na khofu, si yeye. Kiapo hicho kitawasaidia wote watatu kuliko sanduku lililofungwa.

Maana hatumuoni mume huyu kuwa mtu mbaya. Tunamuona mwanamume aliyeondoka hapa na zafa nyuma yake, akaahidi wazee kwamba atamtunza binti yao, kisha siku moja akapokea kurasa za Kiingereza zinazomwambia hatukukuamini. Alishindwa kuingia ndani na maneno hayo. Tunamuonea huruma. Lakini huruma yetu haiwezi kubadilisha hesabu ya siku. Alimficha mkewe maumivu, na pamoja na maumivu akamficha haki yake.

Kaka zetu mnaotusoma kwa kuchungulia simu za wake zenu, na hili ni lenu. Kumtunza mke si kumficha. Qiwama ni dhamana, na mwenye dhamana hutoa hesabu.

Yule wa "sema ulikuwa mgonjwa"

Kuna watu watajitokeza wakati huu, na kila mji una wake. Atakwambia: usiseme mambo ya mume, sema ulilazwa, nitakutafutia karatasi. Au atakwambia anajua mtu ndani, lipa kwanza.

Mkimbieni. Kwanza, ni kiapo. Unaapa mbele ya watu na Mwenyezi Mungu ni shahidi. Pili, hata kwa hesabu ya dunia tu, ombi la hifadhi linasimama juu ya kitu kimoja, nacho ni kuaminika kwako. Karatasi moja ya uongo ya kuelezea wiki mbili za kuchelewa inaweza kuuzamisha ukweli wa miaka. Tatu, huko Kanada si kila mtu anaruhusiwa kulipwa kwa kazi hii. Ni mawakili na washauri wa uhamiaji wenye leseni. Uliza leseni, iangalie kwenye orodha. Na kama hamna pesa, ulizeni msaada wa kisheria wa serikali katika jimbo lenu na vituo vya sheria vya mtaani, kabla ya kuuza dhahabu ya mahari.

Tuweke wazi pia kwamba hatuandiki haya kumfundisha mtu kubuni ombi. Hifadhi ni ya mwenye khofu ya kweli. Anayebuni anamkalia mwenzake kwenye kiti.

Wewe si kiambatisho

Maombi ya mume na mke huunganishwa na kusikilizwa pamoja. Kwa hiyo mwanamke huzoea kujiona kama mzigo uliofungwa juu ya gari la mwenzake. Lakini hata katika kuunganishwa huko, kila mmoja ana fomu yake ya kueleza sababu, na jina lake ndani ya uamuzi. Mwanamke mwenye sababu yake mwenyewe, ambayo pengine hakuweza kuisema mbele ya mumewe au wakwe, anaweza kuomba ombi lake litenganishwe. Tangu 1993 Bodi hiyo ina mwongozo maalumu kuhusu madai yanayohusu jinsia, na uliandikwa upya 2022. Na pale ambapo maslahi yake na ya mumewe yanagongana, kama katika jambo hili la barua, ana haki ya kuuliza kama anahitaji wakili wake peke yake.

Tunajua wapo watakaosema tunawafundisha wake ukaidi. Tunawauliza hivi. Siku ya ndoa, kabla ya sheikh kukaa na bwana harusi, nani aliulizwa kama anaridhia? Uliulizwa wewe. Hakuulizwa mume kwa niaba yako. Dini iliyotaka kusikia sauti yako kabla ya kuolewa haiwezi kutaka uwe bubu baada ya kuolewa, pale uamuzi unapokuwa wa wapi utalala na mwanao atasoma skuli gani.

Kwa hiyo, mabiharusi wetu mnaojiandaa kuondoka, katika begi mnalopanga, baina ya udi na kanga, wekeni bahasha moja yenu. Ndani yake kiwe na kivuli cha pasi, cha cheti cha ndoa na cha chochote mtakachotia saini. Ukifika huko, ujue anwani iliyoandikwa kwenye faili lenu na namba ya faili. Usitie saini karatasi ambayo hukusomewa kwa lugha unayoielewa. Omba mkalimani wa Kiswahili, ni haki yako na si aibu. Na mwambie mumeo mapema, siku za furaha, kabla ya shida: barua yoyote yenye jina langu tutaifungua pamoja. Lisemeni kwenye fungate likiwa jepesi, maana likisemwa baada ya bahasha kufichwa linakuwa zito.

Kwa waliobaki nyumbani

Mama zetu, shangazi zetu. Binti akipiga simu akasema wamekatazwa, msianze na "watu watasema nini". Visiwa hivi vinalijua neno mkimbizi. Januari 2001 zaidi ya watu 2,000, wengi wao kutoka Pemba, walivuka bahari mpaka Shimoni, Kenya. Walikuwa ndugu zetu, na kina mama walibeba watoto kwenye vyombo hivyo. Hakuna aliyewaona kuwa wameleta aibu. Basi msimtie aibu binti aliye mbali kwa barua iliyoandikwa na mtu mwingine.

Muulizeni maswali matatu tu. Barua ilifika lini? Leo ni siku ya ngapi? Wakili unamuona saa ngapi? Mengine yatazungumzwa baadaye, na machozi yatapata nafasi yake.

Dada yetu alituandikia tena juzi. Siku ya pili baada ya kuiona bahasha alikwenda kwenye kituo cha sheria akiwa na mtoto mgongoni. Taarifa ya rufaa na ombi la kuongezewa muda vimepelekwa pamoja. Mumewe alikaa kimya siku moja nzima, kisha akaomba kalamu akaandika kiapo chake. Jibu bado halijatoka. Huenda wakapewa muda, huenda wasipewe, na hata wakipewa, rufaa yenyewe bado ina safari. Hatuwezi kuwaahidi nyinyi wala yeye kitu ambacho hakimo mikononi mwetu.

Lakini safari hii barua ikija, ataifungua yeye.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amfanyie wepesi yeye na kila aliye ugenini, awape majumba yetu ukweli baina ya mume na mke, na awajaalie mabiharusi wa mwezi huu heri na baraka. Aamin.

Wabillahi tawfiq.